Mzunguko wa Usambara Magharibi kwa miguu: tafuta vitanda kwanza, njia itafuata

Watu wengi wa Tanga mjini wameiona milima ya Usambara kutoka kwenye dirisha la basi pale Mombo, wakasema "siku moja tutapanda", kisha basi likaondoka. Anayeamua kupanda kweli huanza kwa kufungua ramani na kuchora mstari unaopita kwenye mandhari zote nzuri: Irente, msitu wa Magamba, Mtae, Mlalo. Mstari unapendeza, ila ukiufuata unaweza kufika saa kumi na moja jioni kwenye kijiji kisicho na mahali pa kulala mgeni. Huku Usambara mpango mzuri hujengwa kinyume na hivyo. Unajua kwanza utalala wapi kila usiku, halafu unaunganisha vitanda hivyo kwa njia.

Sababu ni kwamba hapa hakuna vibanda vya wapanda mlima kama vile vya njia ya Marangu kule Kilimanjaro, ambako Mandara iko mita 2,720, Horombo 3,720 na Kibo 4,720, na mtu wa hifadhi anajua jina lako kabla hujafika. Usambara Magharibi ni milima ya watu. Unapita mashamba ya viazi, kabichi na mahindi, unaingia msituni, unatoka, unakuta shule, msikiti, kanisa, duka la sukari na sabuni. Badala ya kibanda kuna gesti ya kijiji, nyumba ya wageni ya masista, au chumba kwa mtu. Faida yake ni kwamba hubebi hema, jiko wala godoro. Hasara yake ni kwamba vitanda ni vichache na hakuna anayekuwekea kama hukupiga simu.

Mzunguko ninaoupendekeza ni wa usiku tano, ukihesabu usiku wa kwanza Lushoto mjini: Lushoto, Lukozi, Rangwi, Mtae, Mlalo, kisha kurudi Lushoto. Anayetaka kupumzika aongeze usiku wa pili Mtae, nami nadhani afanye hivyo. Nitaeleza sababu nikifika huko.

Anza na Rangwi

Katika vituo vyote hivi, Rangwi ndiyo inayofunga mpango. Pale kuna masista Wakatoliki wanaopokea wageni, pasafi, chakula cha jioni cha uhakika. Ukikosa nafasi kwao, mbadala wa kueleweka hauko karibu. Lushoto, Lukozi na Mlalo unaweza kubahatisha gesti, ila Rangwi usibahatishe. Kwa hiyo piga simu huko kwanza, pata tarehe, halafu sogeza usiku mwingine wote uizunguke tarehe hiyo. Wakikuambia wiki hiyo wana mkutano au mafungo, badilisha wiki, usibadilishe kitanda. Ukipata nafasi waambie mko wangapi, mtafika saa ngapi na kama kuna asiyekula nyama fulani, maana chakula kinapikwa kwa hesabu na kinaliwa kwa saa yake. Kufika saa mbili usiku kwenye nyumba ya masista ni kukosa adabu, hata kama mlango utafunguliwa.

Kitu cha pili cha kuuliza, ambacho watu hukisahau, ni siku za gulio. Kila eneo lina siku yake, na siku hiyo kijiji hubadilika kabisa. Magari yanakuwa mengi, chakula kinakuwa tele, na vyumba vya gesti vinajaa wachuuzi tangu jioni ya kuamkia. Lukozi ni soko kubwa la mboga, malori ya kwenda Dar yanapakia pale, na gesti zilizo karibu na barabara zina kelele za wapagazi usiku. Omba chumba cha nyuma. Gulio likiangukia siku unayopita mchana tu, hiyo ni bahati: utakula ndizi na maparachichi kwa bei ya shambani.

Ukiangukia Ramadhani, jua kwamba vijiji vingi vya huku vina Waislamu wengi na mama ntilie hufunga biashara mchana. Njia inatembeka vizuri tu, lakini chakula cha mchana kitoke kwenye begi lako, na ukile kando.

Msimu

Juni hadi Septemba ndio wakati wa kutembea. Ni kiangazi, njia ni kavu, ila ni baridi, na mtu wa pwani huwa haamini baridi hiyo mpaka aione. Hesabu yake ni rahisi: kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kwa takribani nyuzi 6. Ikiwa Tanga usiku wa Julai ni nyuzi 21, basi kwenye mita 2,000 tarajia 9, na usiku usio na mawingu pungufu ya hapo. Lushoto mjini, kwenye mita 1,400 hivi, utaona ni baridi ya kupendeza. Ukiwa juu Magamba au Mtae si ya kupendeza tena, ni sweta na soksi kitandani.

Januari na Februari panatembeka pia, kukiwa na jua kali zaidi. Masika, Machi hadi Mei, sishauri. Shida yenyewe ni udongo zaidi kuliko kulowa. Udongo mwekundu wa mfinyanzi ukilowa unateleza vibaya, unaganda chini ya viatu, na mteremko uliokuwa wa nusu saa unakuwa wa saa moja na nusu ya kushika miti. Barabara yenyewe ya Mombo kwenda Lushoto kupitia Soni imekatwa kwenye ubavu wa mlima, na mvua kubwa huporomosha udongo na mawe juu yake. Vuli, Oktoba hadi Desemba, ni ya kubahatisha: asubuhi kavu, alasiri mvua. Kama ni lazima utembee wakati huo, toka saa kumi na mbili na nusu asubuhi na uwe umefika saa nane mchana.

Kibali, mwongozaji na fedha

Msitu wa Magamba ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Unalipa kiingilio, na raia hulipa kidogo kuliko mgeni, kwa hiyo beba kitambulisho cha taifa, la sivyo mtabishana pale mlangoni bila sababu. Malipo ni kwa namba ya kumbukumbu, unalipa kwa simu au benki. Shughulika nayo ukiwa Lushoto mjini siku moja kabla. Ukisubiri mpaka asubuhi ya safari kwenye kona isiyo na mtandao, utapoteza saa mbili bora za siku nzima. Ulize hapohapo na kuhusu msitu wa Shagayu, kwa kuwa siku ya nne itakupitisha kando yake au ndani yake, na kibali cha msitu mmoja hakikuingizi mwingine.

Mwongozaji chukua. Najua wabishi wapo. Njia za barabarani utazimudu peke yako, lakini kati ya Lukozi na Rangwi, na kati ya Mtae na Mlalo, kuna mtandao wa vijia vya mashambani ambavyo ramani haivijui, na kila msimu wa kilimo vijia vingine vinalimwa vikatoweka. Jambo linaloharibu uhusiano na mwongozaji ni makubaliano nusunusu, mara nyingi kuliko kiwango cha malipo chenyewe. Kubalianeni kabla ya kuondoka: malipo ni kwa siku au kwa safari nzima? Kitanda na chakula chake analipa nani? Kiingilio cha msitu kimo? Mkiishia njiani kwa mvua au ugonjwa, siku zilizobaki zinahesabiwaje? Ukienda Mtae na kuishia huko, mwongozaji hudai nauli ya kurudi Lushoto, na ni haki yake. Ubora wa mzunguko ni kwamba anarudi na wewe, hoja hiyo haipo.

Fedha taslimu toa Lushoto, huko mbele usitegemee benki. Mawakala wa fedha za simu wako vijijini, ila wakala anaweza kuwa na mtandao bila kuwa na fedha mkononi. Beba noti ndogondogo. Muuza chai wa saa kumi na mbili asubuhi hana chenji ya elfu kumi.

Njia yenyewe, siku kwa siku

Siku ya kusafiri, panda basi la asubuhi stendi ya Kange, Tanga. Njia ni Muheza, Segera, Korogwe, Mombo, halafu kupanda kupitia Soni. Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 za kona. Anayetapika garini akae mbele na asile chapati za mafuta Korogwe. Ukifika mapema, alasiri tembea mpaka Irente na kurudi, kama kilomita 6 kwenda. Pale ukingoni mlima unakatika ghafla na unaiona tambarare ya Mazinde chini. Thamani ya matembezi hayo ni kujaribu viatu na begi vikiwa bado karibu na duka. Kama kisigino kinawaka, utajua leo.

Siku ya kwanza ya mzunguko ni Lushoto, Magamba, Lukozi: mwendo wa saa sita hadi saba. Sehemu ngumu iko mwanzoni, unapanda zaidi ya mita 600 kabla ya chakula cha mchana. Mtu aliyetoka usawa wa bahari jana yake atahema; hayo si maradhi ya mwinuko, ni pumzi tu. Nenda mwendo unaokuwezesha kuzungumza. Ndani ya Magamba tulia, utaona mbega weupe na weusi juu ya miti, na ukiwa na mwongozaji mwenye jicho, vinyonga. Ukikuta mstari mweusi wa siafu umekatiza njia, ruka, usisimame kupiga picha. Suruali iingie ndani ya soksi.

Siku ya pili, Lukozi hadi Rangwi, ni nyepesi, saa nne au tano, na ni siku ya mashamba. Hapa nizungumzie maji. Vijito vinavyopita katikati ya viazi na nyanya vinapokea dawa za kunyunyizia mboga, na kuchemsha kunaua vijidudu tu, dawa hakuiondoi. Vidonge vya klorini navyo havifui dafu kwa hilo. Kwa hiyo usichote maji chini ya mashamba hata yakionekana kama kioo. Chota yanapotoka msituni, juu ya shamba la mwisho, uyatibu. Au jaza lita 2 mahali ulipolala, yaliyochemshwa. Ukiomba maji ya moto usiku na kuyatia kwenye chupa ngumu, unalala nayo miguuni, asubuhi unayanywa.

Siku ya tatu ndiyo ndefu: Rangwi hadi Mtae, saa saba hadi nane, kupanda na kushuka. Ondoka saa moja asubuhi, si saa tatu baada ya chai ya pili. Jua huku linazama mwendo wa saa kumi na mbili na nusu jioni mwaka mzima, na giza haliombi hodi. Weka saa ya kuamua: ikifika saa tisa alasiri na bado hujaona barabara ya kwenda Mtae, acha njia ya mkato, tafuta barabara, chukua bodaboda. Hakuna aibu. Aibu ni kuwaamsha wanakijiji saa tatu usiku waje na tochi.

Mtae iko kwenye ncha ya mlima, upepo pande zote. Chini ni nyika ya Mkomazi, mbele ni milima ya Upare, na siku safi Kilimanjaro inaonekana. Kuipata siku safi ndiyo kazi. Ukungu huweza kukaa mpaka saa nne asubuhi na kurudi jioni, na ndiyo sababu ya kutaka usiku wa pili: unajipa alfajiri mbili na machweo mawili badala ya moja moja. Siku hiyo ya katikati tembea mpaka kijiji cha Mambo na kurudi, begi liachwe chumbani.

Siku ya nne, Mtae hadi Mlalo kupitia upande wa Sunga na msitu wa Shagayu, ni saa sita hadi saba, na mwisho wake ni mteremko mrefu. Kupanda huchosha mapafu, yakapona usiku mmoja. Kushuka huumiza magoti na kucha za vidole vikubwa, navyo havikubaliani na usiku mmoja. Kata kucha kabla ya safari. Kabla ya kuteremka simama, vuta kamba za viatu upya, uzikaze pale juu ya mguu ili kisigino kikae nyuma na vidole visigonge mbele. Hatua ziwe fupi, fimbo itangulie. Mlalo ni mji mdogo bondeni wenye nyumba za udongo za ghorofa na roshani za mbao, na gesti za kawaida zipo.

Siku ya tano sikushauri utembee yote. Kutoka Mlalo panda gari la asubuhi, shuka Magamba, kisha malizia kwa mguu kuteremka Lushoto, saa mbili hivi. Wapo watakaosema mzunguko wenye gari ndani yake si mzunguko. Watembee wao barabara ya vumbi na malori ya kabichi, sisi tutawasubiri Lushoto.

Begi

Begi lote na maji yake lisizidi kilo 8. Likizidi, umebeba woga. Nguo ni seti mbili: ya kutembea na ya kulalia, wala zisichanganyike, ya kulalia ibaki kavu hata kama ya kutembea inabidi uivae mbichi asubuhi. Sweta la sufu au koti la manyoya la mitumba linatosha, halihitaji kuwa la dukani. Koti la mvua, kofia ya kuvuta masikioni, jozi 3 za soksi zisizo za pamba tupu. Pamba ikilowa jasho haikauki, ngozi inalainika, inasuguana, malengelenge yanatokea saa ya tatu ya safari. Ukihisi joto la mahali pamoja kisiginoni, simama hapohapo ubandike plasta pana. Baada ya lengelenge kujaa umechelewa.

Viatu viwe vimevaliwa wiki kadhaa. Raba nzuri yenye meno inatosha wakati wa kiangazi. Buti jipya la kuazima ni hatari kuliko raba ya zamani.

Kuzuia mvua ndani ya begi, tafuta nailoni ya ndani ya gunia la sukari. Ni pana, ngumu, na tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 ndicho kitu cha bei rahisi kinachofanya kazi hiyo. Itie ndani ya begi, vitu ndani yake, pindua mdomo. Mfuniko wa nje peke yake hauzuii, maji hupitia mgongoni.

Kanga mbili, hata kwa mwanamume: taulo, shuka juu ya shuka la gesti, kivuli, kifunga mkono uliovunjika. Wanawake watazitumia pia vijijini na kwa masista. Kaptura fupi ziache Tanga. Anayeswali apange mapumziko ya adhuhuri kijijini, misikiti ipo na maji ya kutawadha yapo, ila ni ya baridi kwelikweli.

Tochi ya kichwani, pawabenki ya kuchaji simu mara mbili, ramani iliyopakuliwa kabla. Simu ikiwa baridi betri hushuka haraka, lala nayo ndani ya blanketi. Chakula cha njiani: mayai ya kuchemsha, karanga, tende, kashata. Kashata za Tanga hazina mpinzani kwenye mlima, haziharibiki na hazipondeki.

Dawa zako, za maumivu, chumvichumvi ya kunywa ukiharisha. Na tahadhari moja: malaria ni chache huku juu, lakini wewe umetoka pwani ukiwa huenda unayo tayari. Homa ya siku ya pili au ya tatu usiite uchovu. Shuka Lushoto upime, hospitali ya wilaya iko pale.

Kuuliza njia

Usiulize, "Hii njia inakwenda Rangwi?" Mtu mzima mwenye adabu hatakukatisha tamaa, atasema inakwenda, na kweli kila njia hatimaye inakwenda. Salimia kwanza, salamu kamili, kisha uliza, "Samahani mama, njia ya Rangwi ni ipi?" umwache anyooshe mkono mwenyewe. Ukiambiwa "hapo tu, si mbali", uliza amefika lini mara ya mwisho na alitumia muda gani, halafu ongeza nusu yake. Mkulima anayeshuka na gunia la viazi kichwani hatembei mwendo wako. Kijijini unakolala, mpitie mtendaji au mwenyekiti umwambie mko wangapi na kesho mnaelekea wapi. Ni dakika 10, na mtu asipofika, kuna anayejua wapi pa kuanzia kutafuta.

Kurudi, kama umefika Lushoto mchana na basi la moja kwa moja la Tanga limeshaondoka, usilale kwa ajili hiyo. Chukua Noah au daladala mpaka Mombo, simama upande wa magari yanayokwenda Korogwe, mabasi ya Arusha yanayokwenda Tanga yanapita pale. Likija la Dar, panda ushukie Segera, ugeuze la Tanga. Nauli ya vipande hivyo iweke kando tangu siku ya kwanza.